Mwajiri wa Wasio na Mwajiri

Soko la ajira la Ubelgiji ni miongoni mwa masoko yenye kanuni nyingi zaidi barani Ulaya, na sehemu kubwa ya kanuni hizo haikutungwa na serikali peke yake. Msingi wake ni mapatano ya kijamii ya mwaka 1944, ambayo viongozi wa waajiri na wa wafanyakazi waliyajadili kwa siri wakati nchi ingali mikononi mwa majeshi ya Ujerumani, na ambayo yaliingizwa katika sheria tarehe 28 Desemba mwaka huohuo. Tangu wakati huo mambo mengi ya kazi huamuliwa katika kamati za pamoja, yaani vyombo vya kila sekta ambamo wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi hukaa kwa idadi sawa na kukubaliana juu ya viwango vya mishahara, saa za kazi na marupurupu, huku Baraza la Taifa la Kazi, lililoundwa mwaka 1952, likishughulikia yale yanayogusa sekta zote. Takriban nusu ya wafanyakazi ni wanachama wa vyama vya wafanyakazi, na vyama hivyo, kwa kufuata utaratibu ulioanzia katika mji wa Ghent mwaka 1901, ndivyo vinavyowafikishia wengi wa wasio na kazi mafao yao. Katika mpangilio wa namna hii kila mhusika ana kiti chake, na anayeingia bila kiti huulizwa mara moja anamwakilisha nani.

Swali hilo ni zito hasa kwa asasi za kati za kazi, yaani watu au taasisi zinazosimama kati ya mfanyakazi na anayeihitaji kazi yake. Historia yao haina sifa njema. Katika miji mingi ya Ulaya ya karne ya 19, mawakala waliowauzia vibarua nafasi za kazi walikula sehemu ya ujira wao, na ndiyo maana sheria nyingi za karne ya 20 ziliandikwa kwa nia ya kuwadhibiti au kuwaondoa kabisa. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 24 Julai 1987 inabeba kumbukumbu hiyo: inaruhusu mawakala wa ajira ya muda kwa masharti makali, kisha inakataza kwa jumla kitendo cha mwajiri mmoja kumkodisha mfanyakazi wake kwa mwingine. Kwa hiyo asasi mpya inayotaka kujiweka katikati, hata ikiwa na nia safi, hukuta mlango umekwisha kufungwa kwa sababu za haki.

Waliohitaji mlango huo ufunguliwe ni wafanyakazi wa ajira zisizo za kawaida, jina linalojumuisha kazi zote zilizo nje ya mkataba wa muda wote, usio na kikomo, kwa mwajiri mmoja. Mpiga fidla anayetumbuiza Ijumaa katika tamasha la Liège, akarekodi Jumatatu katika studio ya Brussels na kufundisha warsha ya siku mbili mwezi unaofuata ana wateja watatu, lakini hana hata mmoja anayejiona kuwa mwajiri wake. Akijiandikisha kuwa mtu aliyejiajiri, hulipa michango yake mwenyewe na hukosa bima ya kukosa ajira. Akitaka hadhi ya mwajiriwa, kila mteja hana budi kujisajili kuwa mwajiri, kuandaa mkataba, kukokotoa makato na kupeleka taarifa katika ofisi za hifadhi ya jamii kwa ajili ya kazi ya jioni moja, na wateja wengi wa aina hiyo ni vikundi vidogo vya tamthilia, mikahawa au kamati za sherehe za mtaa. Matokeo yake yalikuwa kazi za chini kwa chini, zilizolipwa kwa fedha taslimu, zisizoacha alama yoyote katika rekodi ambazo siku moja zingeamua kama mtu huyo anastahili mafao. Hata baadaye, kwa mfanyakazi wa chini ya miaka 36, kanuni zilizotumika tangu mwaka 2012 zilidai siku 312 za kazi ndani ya miezi 21 kabla ya kupata mafao ya kukosa ajira, hesabu ambayo hata msanii mwenye bidii hawezi kuifikia iwapo nusu ya kazi zake hazikuandikwa popote.

Katika pengo hilo ilizaliwa SMart, asasi isiyo ya faida iliyoanzishwa mjini Brussels mwaka 1998 na Pierre Burnotte na Julek Jurowicz, na ambayo jina lake lilitokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya jumuiya ya wasanii ya kusaidiana. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleza, ingawa haukuwa rahisi kuutetea. Msanii hutafuta kazi mwenyewe na hukubaliana bei na mteja, kisha huleta makubaliano hayo SMart. SMart humwajiri kwa mkataba wa muda unaolingana na kazi yenyewe, humtumia mteja ankara, hutoa kodi na michango yote ya hifadhi ya jamii, humkatia mfanyakazi bima ya ajali kazini na kumlipa kinachobaki kama mshahara, ikichukua ada ya asilimia 6.5 ya kiasi cha ankara. Tofauti yake na wakala wa ajira ya muda iko katika mwelekeo wa mahitaji: wakala hutumwa na kampuni kutafuta watu, ilhali hapa mwenye kazi ni mfanyakazi, naye ndiye anayemtafuta mtu wa kushika nafasi ya mwajiri.

Jambo lililoipa asasi hii nguvu, na ambalo maelezo mengi kuihusu huligusa kwa haraka mno, ni mfuko wa dhamana. SMart iliahidi kumlipa mfanyakazi ndani ya siku 7 za kazi baada ya mkataba wake kumalizika, iwe mteja amelipa au hajalipa, na hasara ya mteja asiyelipa ikabebwa na mfuko uliojengwa kwa sehemu ndogo ya ada za wote. Ahadi hiyo iligeuza maana ya asasi nzima. Ofisi inayojaza fomu kwa niaba ya watu ni mhudumu tu, na mhudumu huweza kubadilishwa kesho. Lakini asasi inayolipa mshahara kabla ya kupokea chochote imechukua juu yake ile hatari ambayo, katika fikra za sheria ya kazi, ndiyo inayomtambulisha mwajiri na kumtofautisha na mfanyakazi. Hoja ya sura hii ni kwamba asasi mpya hupata uhalali wake hapo, mahali inapokubali kupoteza fedha zake ili mfanyakazi asipoteze zake, na kwamba kibali cha sheria na heshima ya vyama hufuata baadaye, vikifuata.

Uhalali unaozungumziwa hapa ni mpana kuliko leseni. Mark Suchman, mtaalamu wa sosholojia wa Marekani, aliueleza mwaka 1995 kama dhana iliyoenea katika jamii kwamba matendo ya asasi fulani yanafaa na yanalingana na maadili na imani za jamii hiyo, na akautenga katika aina tatu. Kuna uhalali wa manufaa, unaotokana na watu kuona kwamba asasi inawafaa wao wenyewe; kuna uhalali wa kimaadili, unaotokana na hukumu kwamba inachokifanya ni haki, hata kwa asiyefaidika; na kuna uhalali wa mazoea, ambapo asasi imekuwa sehemu ya mambo ya kawaida kiasi kwamba hakuna anayeuliza kwa nini ipo. SMart ilipata aina ya kwanza mapema, kwa kuwa wasanii walijiunga kwa maelfu baada ya kuona kwamba fedha zinafika kwa wakati. Aina ya pili ndiyo iliyobishaniwa kwa miaka mingi, na aina ya tatu ilikuja nusunusu.

Hatua kubwa ya kisheria ilifika kupitia sheria ya tarehe 24 Desemba 2002, iliyoanza kutumika katikati ya mwaka 2003. Sheria hiyo iliongeza katika sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1969 kifungu kilichosema kwamba mtu anayefanya kazi ya kisanaa kwa kuagizwa na kwa malipo atahesabiwa kuwa mwajiriwa kwa madhumuni ya hifadhi ya jamii, hata kama hakuna mkataba wa ajira wa kweli kati yake na aliyemwagiza, isipokuwa athibitishe kwamba anajitegemea. Sheria hiyohiyo iliruhusu kuwepo kwa ofisi za kijamii za wasanii, aina ya mawakala walioidhinishwa na serikali za majimbo ili kuwaajiri wasanii kwa niaba ya wateja wa muda. Ni kweli kwamba mabadiliko hayo yaliitia nguvu SMart, lakini haingekuwa sahihi kudhani kwamba sheria ndiyo iliyoiumba. Kufikia mwaka 2002 tayari palikuwa na maelfu ya mikataba iliyokwisha kupita mikononi mwake, michango iliyokwisha kulipwa na rekodi zilizokwisha kuandikwa, na mtunga sheria alikuta mbele yake mazoea yanayofanya kazi, ambayo kuyapiga marufuku kungewarudisha watu wale katika malipo ya chini kwa chini. Dola ilikuwa na maslahi yake pia: kila mkataba uliopita SMart ulikuwa na kodi na mchango ambao bila hiyo usingekusanywa.

Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na sababu nzuri za kusita. Kwa mtazamo wao, mwajiri ni yule anayetoa amri na kuvuna faida ya kazi, na ndiye anayepaswa kuketi mezani wakati wa majadiliano. Asasi inayoitwa mwajiri ilhali haitoi amri wala haivuni faida humruhusu mwajiri wa kweli kuondoka chumbani bila kuulizwa. Mteja aliyekuwa akimwajiri mbunifu wa picha kwa mkataba wa kudumu angeweza kumwambia aende SMart, na hivyo kununua kazi ileile bila likizo, bila notisi na bila wajibu wa siku zijazo. Zaidi ya hapo, bei iliyojadiliwa na mfanyakazi mmoja na mteja wake haiko chini ya macho ya kamati ya pamoja, na mtu mmoja anayejadili peke yake hujadili akiwa dhaifu. Pingamizi hili halikuwa la wivu wa taasisi kongwe kwa taasisi changa, kama baadhi ya watetezi wa asasi mpya walivyopenda kulieleza. Lilikuwa swali la haki juu ya nani abebe gharama za kazi isiyo na uhakika. Jibu la SMart lilikuwa kwamba kazi hizo zilikuwepo kabla yake, na kwamba uchaguzi halisi wa mpiga fidla haukuwa kati ya SMart na mkataba wa kudumu. Pande zote mbili zilisema kweli, kila upande ukiwa na mfanyakazi tofauti akilini.

Uhalali uliopatikana kwa wasanii uliyumba kadiri asasi ilivyokua. Kanuni za kukosa ajira ziliwapa wasanii njia maalumu ya kuhesabu kazi, ambapo malipo ya jumla ya kazi hugawanywa kwa kiwango cha mshahara wa siku ili kupata idadi ya siku zinazohesabika, jambo linalotambua saa za mazoezi zisizoonekana na mteja. Mara mafundi wa jukwaa, watafsiri, wabunifu na wakufunzi walipoanza kutumia SMart, mamlaka ya ajira ikaanza kuuliza ni nani hasa aliye msanii, na mwaka 2011 ikabana tafsiri ya kanuni hizo. Kuanzia mwaka 2014 masharti yakakazwa zaidi, na msanii aliyetaka kutumia kifungu cha mwaka 2002 akalazimika kupata viza ya msanii kutoka kwa tume maalumu. Uhalali ulioegemea tabia ya kundi moja la watu, kwamba wasanii ni tofauti na wanahitaji huruma ya sheria, ulikuwa umefika ukomo wake. SMart ikachagua kuuegemeza mahali pengine, kwa kudai kwamba ulinzi wa mwajiriwa ni haki ya yeyote anayeishi kwa kazi za vipande, awe ameshika brashi au la.

Dai hilo lilijaribiwa na wapeleka chakula kwa baiskeli. Vijana waliofanya kazi kupitia programu za simu za Take Eat Easy, kampuni iliyoanzia Brussels, na Deliveroo ya London walikuwa wameanza kuitumia SMart mmoja mmoja, na wengi wao walikuwa wanafunzi, ambao sheria ya Ubelgiji huwatoza mchango mdogo sana wa hifadhi ya jamii na hivyo kufanya kazi yao iwe nafuu hata kwa njia ya ajira. Mwaka 2016 SMart ilifikia makubaliano na kampuni zote mbili. Kila mpeleka chakula aliyepitia kwake angelipwa angalau kima cha chini cha mshahara kwa saa, angehesabiwa walau saa 3 kwa kila siku aliyoitwa kazini hata kama oda zilikuwa chache, na angekuwa na bima ya ajali. Kwa mtu anayepanda baiskeli usiku wa mvua kwenye reli za tramu, kipengele hicho cha mwisho kina uzito ambao mijadala ya nadharia huusahau kwa urahisi.

Miezi michache baadaye, Julai 2016, Take Eat Easy ilifilisika. Katika nchi nyingine ilikofanya kazi, wapeleka chakula waliohesabiwa kuwa wamejiajiri walijikuta katika foleni ya wadai, nyuma ya benki na mamlaka za kodi, wakidai malipo ya kazi waliyokwisha kuifanya. Nchini Ubelgiji wale waliopitia SMart walilipwa. Mfuko wa dhamana ulitoa takriban euro 340,000 kwa wapeleka chakula wapatao 400, na SMart ndiyo iliyobaki kuwa mdai mbele ya mfilisi. Hakuna hoja, kampeni wala waraka wa kisera ambao ungeweza kufanya kazi iliyofanywa na malipo hayo. Watu waliokuwa wakiiona SMart kama kichaka cha kampuni kukwepa wajibu walilazimika kukubali kwamba safari hii wajibu uliokwepwa na kampuni ulikuwa umetimizwa na asasi iliyotuhumiwa, na mazungumzo na vyama vya wafanyakazi, ambayo hapo awali yalikuwa ya kutazamana kwa mashaka, yakaingia katika masuala halisi ya masharti ya kazi ya wapeleka chakula.

Hata hivyo, asasi ya kati hukubalika kwa pande mbili, na upande mmoja unaweza kujitoa. Sheria ya tarehe 1 Julai 2016, iliyosukumwa na waziri Alexander De Croo, ilikuwa imeanzisha utaratibu wa kodi nafuu kwa kipato kidogo kinachopatikana kupitia majukwaa ya kidijitali yaliyoidhinishwa, kwa nia ya kuhamasisha watu binafsi kuhudumiana. Kwa kampuni za kupeleka chakula, mlango huo ulimaanisha kwamba kulikuwa na njia halali ya kuwatumia watu bila saa 3 za uhakika, bila mishahara ya saa na bila SMart. Oktoba 2017 Deliveroo ilitangaza kuvunja makubaliano, na mwanzoni mwa mwaka 2018 ikahamia kwenye malipo ya kila safari kwa watu wasio waajiriwa. Wapeleka chakula waligoma, na Januari mwaka huo baadhi yao wakaikalia ofisi ya kampuni mjini Brussels, bila mafanikio. Hapa ndipo udhaifu wa SMart ulipoonekana waziwazi. Ilikuwa na imani ya wafanyakazi na masikio ya vyama, lakini haikuwa na uwezo wa kumlazimisha mnunuzi wa kazi abaki, kwa kuwa mkataba wake naye ulikuwa wa kibiashara, unaovunjwa kwa barua. Mkataba wa hali bora unaofungwa katika kamati ya pamoja hufunga sekta nzima. Makubaliano ya asasi ya kati humfunga aliyeyataka, kwa muda anaoyataka.

Ufaransa ilikwenda kwa njia tofauti, na inafaa kutajwa kwa ufupi kwa sababu inaonyesha jinsi kiti mezani kinavyobadili mambo. Huko kampuni zinazowaajiri wataalamu waliojitafutia wateja wenyewe zilitambuliwa na sheria ya mwaka 2008, lakini kazi ya kupanga masharti yao ilikabidhiwa vyama vya waajiri na wafanyakazi wa sekta ya ajira ya muda, yaani washindani wao. Chama cha wafanyakazi cha Force ouvrière kililipeleka suala hilo mbele ya Baraza la Katiba, ambalo mwaka 2014 liliamua kwamba bunge halikuwa na haki ya kuwaachia washirika wa kijamii kuamua jambo ambalo katiba inalitaka liwekwe na sheria. Amri ya serikali ikafuata mwaka 2015, na mwaka 2017 sekta hiyo ikapata mkataba wake yenyewe wa hali bora. Baada ya hapo haikuwa tena mgeni anayeomba kuvumiliwa, na bei ya nafasi hiyo ilikuwa kukubali kima cha chini cha mshahara kilicho juu, kinachowaacha nje wafanyakazi wa ujira mdogo kama wapeleka chakula.

SMart haikupata sheria ya namna hiyo, na ikatafuta uhalali ndani yake yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2016 wanachama waliidhinisha kuigeuza kuwa ushirika, na kuanzia mwaka 2017 mtu aliyeajiriwa kupitia kwake aliweza kununua hisa, kupiga kura katika mkutano mkuu na kugombea katika bodi. Hatua hii ilijibu, kwa kiasi fulani, swali la nani anawakilishwa: mwajiri huyu anamilikiwa na wale anaowaajiri. Haikulijibu lote, kwa sababu ushirika wenye makumi ya maelfu ya watumiaji, ambao wengi wao hupita kwa mikataba michache kwa mwaka, huamuliwa na wachache wanaohudhuria, na kwa sababu mwanachama anayehitaji kumdai mwajiri wake hukuta kwamba mwajiri huyo ni yeye na wenzake.

Kesi ya wapeleka chakula ilimalizikia mahakamani bila SMart kuwa mhusika. Mahakama ya Kazi ya Brussels iliamua mwezi Desemba 2021 kwamba hawakuwa waajiriwa. Sheria ya tarehe 3 Oktoba 2022 ikaweka dhana kwamba mtu anayefanya kazi kupitia jukwaa la kidijitali ni mwajiriwa iwapo vigezo kadhaa vimetimia. Na tarehe 21 Desemba 2023 mahakama ya rufaa ikageuza uamuzi wa kwanza na kutamka kwamba wapeleka chakula wa Deliveroo ni waajiriwa wa Deliveroo yenyewe, na kwamba utaratibu wa kodi nafuu haukuwahusu. Uamuzi huo ulivipa vyama vya wafanyakazi vilichokidai tangu mwanzo, yaani mwajiri wa kweli kurudishwa chumbani. Pia umeweka wazi mpaka wa kazi ya asasi ya kati. Palipo na kampuni moja inayopanga zamu, bei na adhabu, mahakama inaweza kumtambua mwajiri, na asasi ya kati haina sababu ya kusimama mahali pake. Mpiga fidla mwenye wateja watatu hana kampuni ya kuishtaki; hakuna hata mteja wake mmoja aliyeuficha uhusiano wa ajira, kwa kuwa uhusiano huo, ukitazamwa kwa mteja mmoja mmoja, haupo. Kwake yeye, na kwa mtafsiri, fundi wa taa na mkufunzi wa warsha, mfuko unaolipa ndani ya siku 7 bado ndio mwajiri pekee anayeweza kupatikana.